Kosa Halikuwa la Mshipi

Siku niliyompoteza yule samaki Mto Songwe, nililaumu mshipi. Nilikuwa nimeazima mwembamba, nikaufunga kwenye ufito mkavu wa kwetu Ikinga. Akavuta mara moja tu, tap!

Kumbe, msomaji, kosa lilikuwa la ufito. Nililijua nilipofuatilia habari za besi, samaki wa Marekani mwenye kinywa kipana, aliyepandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929 ili walowezi wapate mchezo. (Nyavu za biashara zilikuja baadaye.) Besi huwinda kwa macho. Maji yakiwa maangavu, mshipi mnene anauona, tena ugumu wake hauachi chambo chepesi kicheze.

Zamani mishipi ilikuwa ya hariri na kitani, isipokaushwa inaoza. Nailoni ilitangazwa na DuPont mwaka 1938, wavuvi wakapata uzi mwembamba usioonekana sana majini. Ila mwembamba hautaki ubabe. Fimbo yake iwe na ncha laini, ipinde yenyewe na kubeba mshtuko badala ya uzi. Na breki ya gurudumu ilegezwe, samaki akikimbia apewe mshipi. Muuzaji atakusifia fimbo ngumu, eti ya kiume. Mwache.

Ule ufito wangu sasa unazuia mlango wa banda la kuku.