Cádiz: Historia Iliyobaki Kwenye Sahani

Kitu cha kwanza nilichokula Cádiz kilikuwa bajia. Wenyewe wanaiita tortillita de camarones, lakini mtu wa pwani hadanganyiki: unga wa dengu na wa ngano, kitunguu, uduvi wazima wazima, mafuta ya moto. Inatoka nyembamba na kavu, inavunjika mdomoni kwa kelele. Nilikula tatu nimesimama nje ya soko kuu, lililofunguliwa mwaka 1838, nikajisemea: kama mji huu una siri, jikoni ndiko zitakakotoka.

Cádiz umekaa kwenye kipande chembamba cha ardhi kusini-magharibi mwa Hispania, umezungukwa na Atlantiki karibu pande zote. Wafoinike, mabaharia kutoka Lebanoni ya leo, waliuanzisha karibu miaka 3,000 iliyopita, wakauita Gadir, yaani boma. Walifuata madini ya fedha, wakakuta na jodari. Kila mwaka, baridi ikiisha, jodari hutoka Atlantiki kwenda kutaga Mediterania, na wavuvi huwangoja njiani kwa uzio wa nyavu. Warumi walipoushika mji, jodari wa chumvi alisafirishwa mpaka Roma pamoja na garum, mchuzi wa samaki na matumbo yake uliochachishwa kwa chumvi. Barbate na Tarifa, jirani tu na hapo, uzio ule bado unatandazwa. Wanauita almadraba, neno la Kiarabu.

Kiarabu hicho kimejaa mezani. Zeituni ni aceituna, sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán. Waarabu waliotawala huko kuanzia karne ya 8 waliondoka zamani, maneno yakabaki. Hata sherry, mvinyo maarufu wa eneo hilo, unaitwa kwa jina la mji wa Jerez, ambao Waarabu waliuita Sherish. Mwaka 1587 Francis Drake aliivamia bandari, akachoma meli, na inasimuliwa kuwa aliondoka na mapipa kama 2,900 ya mvinyo huo. Waingereza hawajaacha kuunywa.

Mvinyo wenyewe hutunzwa kwa namna iliyonishangaza. Mapipa hupangwa safu juu ya safu. Ya chini ndiyo yenye mvinyo mkongwe. Hutolewa sehemu kidogo, kisha hujazwa kutoka safu ya juu yake. Pipa halimalizwi kabisa. Kila glasi ina tone la miaka ambayo mnywaji hakuwepo.

Siku ya mwisho niliagiza chokoleti ya moto, nzito, ya kunywa kwa kijiko. Hapo ndipo raha ilipopungua. Mwaka 1717 ofisi iliyosimamia biashara ya Hispania na Amerika ilihamishwa kutoka Sevilla kuja Cádiz. Kakao, sukari na fedha vikapita hapa, na matajiri wakajenga minara juu ya nyumba zao ili waone meli zikiingia. Minara hiyo watalii tunaipiga picha. Lakini sukari ile ililimwa na nani? Na Waafrika waliotekwa. Mwaka 1765 wafanyabiashara wa Cádiz walianzisha kampuni yao ya kuwapeleka makoloni, wakaiita bila haya Compañía Gaditana de Negros.

Kuna kingine. Tarehe 19 Machi 1812, mji ukiwa umezingirwa na Wafaransa, katiba ya kwanza ya Hispania ilitangazwa hapa. Ni fahari ya Cádiz, na ni haki yao: ilisema mamlaka ni ya taifa, si mali ya mfalme. Ila kifungu cha 22 kiliwaweka kando wenye asili ya Afrika. Wao uraia hawakuzaliwa nao kama wengine. Ilibidi wauombe bungeni, waoneshe utumishi na sifa njema, na wawe wamezaliwa katika ndoa halali na wazazi huru. Watu ambao jasho lao liko kikombeni waliambiwa wathibitishe kuwa wanastahili.

Sanamu kubwa ya katiba hiyo ipo uwanjani, nimeiona. Hao wengine niliwakuta kwenye sukari.

Nikamaliza kikombe. Ilikuwa tamu sana, siwezi kusema uongo. Hilo ndilo lililonikaa rohoni njia nzima ya kurudi.