Chipu inayojua kulala

Wadau, leo tuguse historia kidogo. Kibera na Kawangware, mafuta ya taa unapimiwa kulingana na pesa uliyo nayo. Gesi haikuwa hivyo: ulijaza mtungi mzima au uliendelea na moshi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kulipa kidogo kidogo kukawezekana. Kilichobaki ni mita ya kufunga kwenye mtungi, isiyotegemea umeme wa nyumba.

Mwaka 2020 Circle Gas ilinunua teknolojia ya mita ya KopaGas ya Tanzania. Nairobi, wakishirikiana na Safaricom, huduma ikaitwa M-Gas.

Sisi waandishi wa programu hupenda chipu yenye kasi. Kwa mita kama hii, mimi naangalia kwanza inavyolala. Tupige hesabu: betri ni miliampea-saa 2,000. Maikrokontrola ikila miliampea 10 bila kulala, betri inaisha kwa siku 8. Ikiamka sekunde 1 katika kila 1,000, na usingizini ikala maikroampea 1, hesabu inafika miaka 20. Betri itachakaa yenyewe kabla. Modemu na vali nazo zina hesabu yao.

Betri ikifa vali imefungwa, mama aliyekwisha kulipa anarudi kwenye makaa. Kwa hiyo wadau, mkichagua chipu, someni kwanza ukurasa wa usingizi.