Kutoka Dresa hadi Tabibu

Kijana wa Kyimo, wilayani Rungwe, anayemaliza kidato cha nne leo anachagua kati ya uuguzi, utabibu, maabara na ufamasia. Babu zake hawakuwa na orodha hiyo.

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakaja na dawa pamoja na Injili. Lakini kazi ya afya iliyomfikia mwanakijiji wa kawaida ilianza miaka ya 1920, Waingereza walipoanza kuwafundisha madresa wa serikali za wenyeji. Dresa alisafisha vidonda, akafunga bendeji na kutoa dawa chache. Elimu yake ilikuwa ndogo, ila kwa wagonjwa wengi yeye ndiye aliyekuwa hospitali yenyewe. Anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Baada ya Azimio la Arusha, zahanati zilipoenea vijijini miaka ya 1970, waliomaliza darasa la saba waliweza kusomea uganga msaidizi wa vijijini. Mlango huo sasa umefungwa: stashahada ya utabibu hudai ufaulu wa biolojia, kemia na fizikia.

Mzazi wa Kyimo, kabla hujauza ndizi ulipe ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na baraza la taifa la elimu ya ufundi, NACTVET.