Kijana Aliyemrudishia Mzee Nyimbo Zake

Kila anayejifunza gitaa ana mzee wake. Mmoja anamwota Mbaraka Mwinshehe, mwingine Franco, mwingine Dk. Nico. Anarudia kipande kilekile cha wimbo hadi majirani wanalalamika, vidole vinaota sugu, na moyoni ana ombi moja tu: siku moja akutane na huyo mzee uso kwa uso, amwone anavyobana nyuzi.

Leo nataka niwasimulie vijana wawili waliopata bahati hiyo. Walikutana na mzee mmoja huyohuyo, mmoja miaka zaidi ya thelathini baada ya mwenzake. Wa kwanza mzee alimfukuza. Wa pili alimkuta mzee amesahau nyimbo zake mwenyewe, ikabidi kijana amfundishe. Si hadithi ya kutunga, ni historia ya muziki wa bluzi huko Marekani.

Mzee anaitwa Eddie James House, lakini dunia inamjua kama Son House. Kwa maelezo yake mwenyewe alizaliwa mwaka 1902 karibu na mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, kwenye mashamba ya pamba. Alianza kuhubiri kanisani akiwa bado kijana mdogo, na gitaa aliliona kuwa ni chombo cha dhambi. Ajabu ni kwamba alikuja kulishika akiwa na miaka kama 25, baada ya kumsikia jamaa mmoja akiteleza kitu kigumu juu ya nyuzi, gitaa likalia kama mtu. Basi ikawa ndiyo safari. Maisha yake yote yaliyobaki aliyumba kati ya mimbari na kilabu cha pombe, na ukisikiliza nyimbo zake utasikia mahubiri ndani ya bluzi.

Haukupita muda mrefu akampiga mtu risasi kwenye ngoma ya usiku. Yeye alisema alikuwa anajitetea, lakini alifungwa katika gereza la Parchman, gereza lililokuwa shamba kubwa ambako wafungwa walilimishwa. Alipotoka alikutana na Charley Patton, mwanamuziki maarufu wa eneo hilo, na mwaka 1930 wakasafiri pamoja na rafiki yake Willie Brown hadi Grafton, Wisconsin, kurekodi kwa kampuni ya Paramount. Baadaye House alieleza kwamba alilipwa dola 40. Kwake zilikuwa pesa nyingi. Lakini uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka mwaka uliotangulia, watu hawakuwa na hela ya santuri, na santuri zake ziliuzwa chache mno.

Hapo ndipo anapoingia kijana wetu wa kwanza. House na Willie Brown walikuwa wakipiga kwenye ngoma za Jumamosi huko Robinsonville. Kulikuwa na kijana wa miaka kama 19 aliyependa kuwafuatafuata. Kinanda cha mdomo alikiweza, lakini gitaa lilimshinda. Wakubwa wakienda kupumzika, yeye anadaka gitaa la mtu na kuanza kulikwaruza, hadi watu wanalalamika kwamba wanapigiwa kelele. House alisimulia kwamba walimkaripia mara nyingi, wakamwambia aache kuwaudhi wateja. Kijana akatoweka kwa muda. Aliporudi akaomba nafasi, wakamwachia kwa kumdharau, na alipomaliza kupiga wote walibaki midomo wazi.

Kijana huyo aliitwa Robert Johnson. Mwaka 1936 na 1937 alirekodi nyimbo 29 huko Texas, na mwaka 1938 akafariki akiwa na miaka 27. Leo jina lake ni kubwa kuliko la House mwenyewe. Wapo wanaosema aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda. Mimi naamini zaidi kwamba alikwenda kufanya mazoezi! Lakini angalia jambo moja: huyu anayehesabiwa leo kuwa gwiji, shujaa wake alimwona msumbufu tu.

Mwaka 1941 na 1942 akaja mtafiti Alan Lomax, akamrekodi House kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kurekodi kwenyewe kulianzia kwenye duka la kijijini, Lake Cormorant, reli ikiwa karibu kiasi kwamba treni inasikika. House alieleza baadaye kwamba malipo aliyopata yalikuwa soda moja ya Coca-Cola, na akaongeza kwamba angalau ilikuwa ya baridi. Mimi huwa nacheka nikifika hapo, kisha kicheko kinakatika. Sauti yake ikawekwa salama kabatini Washington, na mwenye sauti akarudi shambani.

Mwaka 1943 House alihamia Rochester, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Kanada, kama walivyofanya Waamerika Weusi wengi waliokimbia mashamba ya kusini kutafuta kazi viwandani na kwenye reli. Akaajiriwa na kampuni ya reli ya New York Central. Rafiki yake Willie Brown alipofariki mwaka 1952, hamu ya kupiga ikaisha. Hata gitaa hakuwa nalo tena. Majirani zake hawakuwa na habari kwamba huyu mzee anayependa kinywaji aliwahi kuwa nani.

Sasa turukie miaka ya 1960. Vijana wa vyuoni Marekani, wengi wao Wazungu wa mijini, walikuwa wamezama kwenye santuri za zamani. Walizitafuta majumbani na mitaani kama watu wanaochimba dhahabu. Wakazisikiliza, wakajifunza kuzipiga, kisha wakajiuliza swali jepesi: hivi hawa wazee wamekufa wote? Mwaka 1963 Tom Hoskins alisikiliza wimbo ambao Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928 akiitaja Avalon kuwa ndiko kwao. Wakatafuta Avalon kwenye ramani ya zamani, akaenda, akamkuta mzee yupo na mifugo yake! Mwaka huohuo John Fahey na mwenzake waliandika barua kwa Bukka White, "mwimbaji mzee wa bluzi", kupitia posta ya Aberdeen, Mississippi, kwa sababu tu wimbo wake uliutaja mji huo. Barua ikamfikia. Anwani walizipata ndani ya nyimbo.

Bukka White ndiye aliyedokeza kwamba Son House ameonekana Memphis. Juni 1964 vijana watatu, Dick Waterman, Phil Spiro na Nick Perls, wakajibana kwenye kigari cha Volkswagen kuelekea kusini. Waterman alikuwa mwandishi wa habari na mpiga picha (naona fahari kidogo kulitaja hilo). Huko walisaidiwa na Mchungaji Robert Wilkins, ambaye naye zamani alikuwa mwanamuziki wa bluzi.

Haikuwa safari ya mchezo. Kiangazi kile mamia ya wanafunzi kutoka kaskazini walikuwa wakiingia Mississippi kuwaandikisha Weusi kupiga kura, na wabaguzi waliwasubiri kwa bunduki. Kijana mgeni wa Kizungu akiuliza nyumba ya Mweusi fulani alikuwa anajitia hatarini, na alikuwa anamtia hatarini zaidi yule anayemjibu. Waliulizia kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, mwisho wakaambiwa kwamba mzee yuko Rochester, kule kaskazini, nyuma kabisa ya walikotoka! Wakageuza gari. Juni hiyohiyo walimkuta. Tarehe 21 ya mwezi huo, huko Mississippi, wanaharakati vijana James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner walitoweka. Miili yao ilipatikana Agosti 4. Walikuwa wameuawa.

Wamempata mzee, lakini mikono ilikuwa inatetemeka na nyimbo zilikuwa zimefutika. Wafanye nini?

Ndipo anapoingia kijana wa pili, Alan Wilson. Alikuwa anatimiza miaka 21, mzaliwa wa Arlington, Massachusetts, macho yake mabovu kiasi kwamba wenzake walimwita bundi kipofu. Hakuwa na jina. Alikuwa kijana wa Cambridge anayepiga kwenye vikahawa, lakini alikuwa amezisikiliza santuri za House hadi akajua kila mlio umetokea kwenye uzi gani. Mzee akaletwa Cambridge, wakakaa wakitazamana, gitaa kwa gitaa. Kwa maelezo ya Waterman, Wilson alimwonyesha: mwaka 1930 wimbo huu uliupiga hivi, mwaka 1942 ukaupiga hivi. Mzee anatazama vidole vya kijana, anajaribu, anakosea, anarudia. Taratibu mikono ikaanza kukumbuka. Waterman alikuwa akisema waziwazi kwamba Son House alifundishwa na Al Wilson kupiga kama Son House.

Hebu fikiria. Unamwendea shujaa wako ili akufundishe, unakuta wewe ndiye uliyebeba alichokipoteza.

Mtu anaweza kuuliza: sasa huyo aliyepanda jukwaani alikuwa Son House kweli, au ni picha yake iliyokuwa kichwani mwa kijana wa Kizungu? Swali ni la haki. Jibu langu linatoka kwenye albamu yenyewe. Aprili 1965 House alirekodi kwa kampuni ya Columbia, na Wilson akamsindikiza kwenye nyimbo mbili, mmoja kwa gitaa na mwingine kwa kinanda cha mdomo. Lakini mzee hakunakili santuri za zamani. "Death Letter" ulikua kutoka kwenye wimbo wake wa mwaka 1930, ukawa mrefu na mzito zaidi. "Empire State Express" una jina la treni ya kampuni ileile ya reli aliyoifanyia kazi. Na "Grinnin' in Your Face" aliimba bila gitaa, kwa makofi tu, kama yuko kanisani. Hayo hakuna kijana angeweza kumfundisha. Wilson alimrudishia funguo, lakini nyumba ilikuwa ya mzee.

Tofauti na enzi za soda ya baridi, safari hii Waterman akawa meneja wake. House akapiga kwenye tamasha la Newport mwaka 1965, akapiga Carnegie Hall, mwaka 1967 akazunguka Ulaya. Pombe haikumwacha, na mambo hayakuwa mteremko, lakini alipata karibu miaka kumi ya kusikilizwa akiwa hai.

Wilson naye alianzisha bendi ya Canned Heat pamoja na wenzake, akapiga Woodstock mwaka 1969, akawa maarufu duniani. Septemba 3, 1970 alikutwa amefariki. Alikuwa na miaka 27, umri uleule wa Robert Johnson. Son House aliishi hadi Oktoba 1988, akafa na miaka 86. Vijana wote wawili waliojifunza kwake walitangulia, na mzee akabaki.

Kwa nini nimewaletea kisa cha Marekani? Kwa sababu jukwaa lilelile la Newport lilimpokea mwaka 1969 mtu wa Kiswahili: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952 na wimbo wake "Masanga" ukasambaa hadi kwetu Afrika Mashariki. Wasomi wakaandika kwa nota jinsi vidole vyake vinavyotembea. Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba kuwatafuta wapiga gitaa wale wa Katanga wa miaka ya 1950 na 1960, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Sisemi Wazungu wasije. Waje, karibuni. Ninachosema ni kwamba Al Wilson hakuwa na pesa wala cheo wala shirika nyuma yake. Alikuwa na masikio na subira. Vijana wangapi wa Dar, Nairobi au Lubumbashi wanaweza leo kukaa mbele ya mpiga solo mkongwe na kumwambia: mzee, mwaka ule uliupiga hivi, kisha wakampigia bila kukosea? Kumpiga picha mzee na kumshika mkono ni rahisi. Kazi ni kumsikiliza kabla hujamfikia.

Kama mtaani kwenu yupo mzee aliyewahi kupiga kwenye bendi, usimwendee mikono mitupu. Nenda na wimbo wake.