Njia ya Pwani ya Hawaii na Haki ya Kupita

Katika kisiwa cha Hawaii, kilicho kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa lenye jina hilohilo, fukwe za mchanga za upande wa magharibi ni chache na zimetengana, na kati ya ufukwe mmoja na mwingine yametanda maeneo mapana ya lava, yaani mwamba uliotokana na ujiuji wa moto wa volkeno uliotiririka hadi baharini ukapoa. Wenyeji waliugawa mwamba huo katika aina mbili: pāhoehoe, wenye uso laini uliojikunja na unaopitika kwa miguu bila taabu kubwa, na ʻaʻā, ambao ni marundo ya mabonge yenye ncha kali yanayobingirika na kuchana nyayo. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua jinsi njia ya pwani ilivyotengenezwa, kwa kuwa juu ya pāhoehoe nyayo za wapitaji zenyewe ziliusugua mwamba kizazi baada ya kizazi, ilhali juu ya ʻaʻā ilibidi mawe bapa yaliyolainishwa na mawimbi yabebwe kutoka ufukweni na kupangwa moja moja, kwa urefu wa hatua ya mtu. Hata hivyo msafiri alivaa ndara za majani ya mmea uitwao kī, na kwa vile zilichakaa upesi, alibeba jozi za akiba.

Ardhi ya kisiwa iligawanywa katika ahupuaʻa, yaani vipande vilivyoanzia milimani na kuishia baharini, ili watu wa kila kipande wapate mbao na mazao ya juu pamoja na samaki na chumvi ya chini, na njia ya pwani ilivikata vipande hivyo vyote na kuviunganisha. Katika msimu wa Makahiki, uliokuwa wakati wa sherehe, kodi na kusitishwa kwa vita, msafara ulikizunguka kisiwa ukipokea mazao kwenye madhabahu ya mawe iliyojengwa katika kila mpaka.

Usalama wa wapitaji nao ulipewa sheria, na chanzo chake, kwa mujibu wa mapokeo, ni lava yenyewe. Inasimuliwa kwamba Kamehameha, kabla hajaviunganisha visiwa, aliwavamia wavuvi katika pwani ya Puna, mguu wake ukanasa katika ufa wa mwamba, na mvuvi mmoja akampiga kasia la kichwa hadi likavunjika. Alipokwisha kuwa mtawala hakulipiza kisasi, bali alitangaza Māmalahoe Kānāwai, sheria ya kasia lililovunjika, ambayo kwa kawaida huwekwa katika mwaka 1797 na ambayo iliagiza kwamba wazee, wanawake na watoto waweze kulala kando ya njia bila kudhuriwa. Sheria hiyo inatajwa hadi leo katika katiba ya jimbo la Hawaii, na ni sheria chache za watawala wa kale, popote duniani, zilizodumu kwa heshima ya namna hiyo.

Farasi walifika mwaka 1803, na kwato zao zikaibadili njia kuliko kitu kingine chochote. Vijia vilivyofuata kila ghuba na kila bwawa la samaki viliachwa, na katika karne ya 19 zikajengwa njia pana zilizonyooka, zenye kingo za mawe pande zote mbili ili mnyama asipotoke, kwa kazi ya wafungwa na ya watu waliolipa kodi kwa jasho lao. Volkeno hazikusubiri: mwaka 1859 lava ya Mauna Loa ilifika baharini Kīholo na kulifukia bwawa kubwa la samaki lililohusishwa na Kamehameha.

Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Malkia Liliʻuokalani, ilipitishwa Sheria ya Barabara, iliyotangaza kuwa njia za umma zilizokuwapo, vijia vikiwemo, ni mali ya umma. Mwezi Januari uliofuata malkia alipinduliwa, lakini sheria yake ilibaki. Barabara kuu ya lami ilipofunguliwa mwaka 1975 na hoteli zikafuata kwenye fukwe, ni sheria hiyo waliyoishika watetezi wa njia, na mwaka 2000 Bunge la Marekani liliitambua njia hiyo, kwa jina la Ala Kahakai, yenye urefu wa kilomita zipatazo 280, kuwa njia ya kihistoria ya taifa. Uzuri wa mandhari peke yake usingeweza kuizuia mipaka ya viwanja. Kilichoiokoa njia ni haki ya kupita iliyoandikwa mapema.