Warf, Benjamin

Daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo wa watoto, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard. Sifa yake kitaaluma ilijengwa Mbale, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa 2001.

Makala zake mbili za 2005 katika *Journal of Neurosurgery* ndizo msingi. Ya kwanza ilichunguza watoto 300 wenye kichwa kikubwa, yaani maji yaliyozidi kwenye ubongo, na kuonyesha kwamba takriban asilimia 60 waliugua kutokana na maambukizi. Ya pili, yenye watoto 550, ilipima upasuaji usioacha mwilini mrija wa kuyaondoa maji hayo: kutoboa njia mpya ya maji na kuunguza tishu inayoyatengeneza. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, ulifaulu kwa asilimia 66, dhidi ya 47 kwa kutoboa peke yake. Kwa mama anayeishi mbali na hospitali, kuepuka mrija ni jambo kubwa mno, kwani mrija ukiziba mtoto anaweza kufa njiani.

Uzito wa kazi hii hauonekani katika hesabu ya kunukuliwa tu. Mbinu hiyo ilivuka hadi hospitali za Marekani, safari ambayo elimu ya tiba haiifanyi mara nyingi. Mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur. Jaribio la watoto wachanga 100 Uganda, lililochapishwa 2017 katika *New England Journal of Medicine*, halikuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili, baada ya miezi 12, kati ya mbinu hiyo na mrija.