Miamba ya Nyero, Walikopeleka Maombi

Magari ya mashariki yanayoondoka Kampala kwa Barabara ya Jinja hupita Nakawa, kandokando ya soko. Abiria wake wengi wana safari ya Jinja, Busia, Mbale au Soroti. Ni wachache wanaojua kwamba lami hiyohiyo huwafikisha kwenye mojawapo ya maeneo ya kale yenye thamani kubwa Uganda: miamba ya Nyero, wilayani Kumi.

Barabara hukata msitu wa Mabira, huvuka Nile pale Jinja kwa daraja lililofunguliwa 2018, kisha hupita Iganga na Mbale. Ukifika mjini Kumi zimebaki kilomita 8 hivi, mwendo mfupi kwa boda boda. Teso, eneo ilimo Kumi, ni nchi tambarare, kwa hiyo miamba ya itale huonekana kutoka mbali, mawe makubwa yamepandana.

Hapa hapana nguzo iliyosimikwa na mtu. Mawe yalisimama yenyewe. Watu wakayafuata, wakayachora. Kati ya vibanda sita vya miamba vilivyo na michoro, cha pili ndicho kinachostahili kukaliwa muda mrefu. Ukuta wake, uliofunikwa na mwamba mkubwa kwa juu, una michoro zaidi ya 40 ya rangi nyekundu: duara ndani ya duara, na maumbo marefu yanayofanana na mitumbwi. Kibanda cha kwanza kimechorwa kwa rangi nyeupe. Anayezijua picha za Kondoa, Tanzania, pamoja na wanyama na watu wake warefu, atashangaa, kwani Nyero ni maumbo matupu karibu kote.

Iteso, wenyeji wa sasa, walitokea upande wa Karamoja katika karne ya 18 na husimulia kwamba waliikuta michoro hiyo tayari. Mwanaakiolojia wa Uganda Catherine Namono, aliyeitafiti kwa miaka mingi, anaihusisha na wawindaji wa kale wenye undugu na Watwa, na anayaona maumbo hayo kuwa sehemu ya ibada. Ni maelezo yenye nguvu, hasa ukitazama jinsi mahali penyewe palivyoendelea kutumika baada ya wachoraji kuondoka. Mwaka 1945 bibi mmoja wa Ngora, mwenye umri wa miaka 70 hivi, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto baba yake alitoa sadaka Nyero kwa niaba ya wanawake waliokosa watoto. Familia zilipeleka vyakula na pombe. Wengine waliomba mvua. Kuiita Nyero jumba la picha tu ni kuipunguzia hadhi.

Kakoro, kusini zaidi, jiwe pia lina sauti: upo mwamba unaolia kama kengele ukigongwa kwa jiwe dogo. Miamba ya namna hiyo ipo pia kisiwani Dolwe, ndani ya Ziwa Victoria, na mwaka 1965 Merrick Posnansky, aliyewahi kuliongoza Jumba la Makumbusho la Uganda, pamoja na wenzake wawili, walichapisha maelezo yake.

Anayetafuta nguzo zilizosimamishwa na mikono ya watu avuke mpaka hadi Turkana, Kenya. Karibu na Kalokol zimesimama nguzo 19 za mawe meusi. Mwaka 1978 watafiti wawili walidai kwamba zilipangwa kufuata nyota. Miaka michache baadaye Robert Soper alizipima upya na kuyatilia shaka madai hayo. Lothagam, ng'ambo hiyohiyo ya Ziwa Turkana, kuna nguzo nyingine zilizosimikwa na wafugaji miaka 5,000 hivi iliyopita, juu ya makaburi ya watu wasiopungua 580. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba walizikwa bila dalili za wazi za matabaka: wazee na watoto, wengi wakiwa na mapambo yao.

Nyero imo tangu 1997 katika orodha ya maeneo ambayo Uganda inayapendekeza kwa UNESCO. Jina hilo kwenye karatasi halimzuii mgeni kuchonga jina lake ukutani, wala halimzuii mpasua kokoto anayehitaji ada ya shule ya watoto. Wilaya za Teso zinahitaji walinzi wanaolipwa kila mwezi, na sehemu ya kiingilio ibaki kwa familia zinazoishi chini ya miamba hiyo.